Imekushika Wapi? Namna ya Kuchimbua Sababu ya Kumpenda Mchoraji

Muulize mtu mchoraji anayempenda, jina atakupa papo hapo. Muulize kwa nini, utasikia yaleyale: rangi zake nzuri, anajua kuchora, picha zake zina hisia. Majibu hayo yana kasoro moja kubwa. Unaweza kuyabandika kwa Van Gogh, kwa Vermeer na kwa Hokusai, yakawakaa wote watatu kama kofia moja.

Kipimo cha mwongozo huu ni kwamba mwishoni uwe na sentensi moja inayomhusu mchoraji wako peke yake, ambayo ukimhamishia mwingine inageuka kuwa uongo. Kuifikia kunachukua kama saa 3, na si lazima ziwe za siku moja. Andaa penseli laini, karatasi chache, rula, tepu ya karatasi, vipande viwili vya kadi, na simu au kompyuta.

Chagua picha 3, na moja iwe usiyoipenda

Picha moja hudanganya. Huenda unachokipenda ni farasi aliyechorwa, wala si mkono uliomchora. Kwa hiyo chukua tatu za mchoraji yuleyule: ile inayokushika kuliko zote, nyingine ya kipindi tofauti cha maisha yake, na ya tatu ambayo haikuambii kitu. Wengi huiruka hiyo ya tatu kwa kuona inapoteza muda. Iweke. Utaihitaji mwishoni kabisa.

Wachoraji wanaorudia kitu kimoja ndio wepesi kuanza nao. Monet alilichora kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894, jengo lilelile, saa na hali ya hewa tofauti. Ikiwa moja ya picha hizo inakuvuta na nyingine inakuacha baridi, basi si kanisa linalokuvuta, na tayari umepunguza kazi nusu. Giorgio Morandi wa Bologna naye alichora chupa, mabakuli na mitungi ileile kwa miongo kadhaa. Hakuna anayempenda Morandi kwa ajili ya chupa.

Frida Kahlo ni mgumu zaidi kwa anayeanza, kwa sababu uso wake, mavazi yake na maumivu yake vinafika kabla ya rangi. Anza na mwingine, umrudie ukishazoea.

Nakala iwe ya kuaminika, na ukubwa uwe halisi

Picha zinazozunguka mtandaoni zimekatwa kingo, zimeongezwa mwanga, zimekolezwa rangi. Tafuta "Usiku wa Nyota" ya Van Gogh, ufungue nakala tano kwa pamoja: utapata buluu tano. Tumia nakala ya tovuti ya jumba la makumbusho linaloimiliki picha. Baadhi yake zina ubora wa kushangaza. Mwaka 2022 Rijksmuseum ya Amsterdam ilitoa picha ya "Doria ya Usiku" ya Rembrandt yenye gigapikseli 717 (yaani nukta bilioni 717), ambayo unaweza kuikuza hadi ukaona nyufa ndogo za rangi. Kabla ya kutazama, zima hali ya usiku ya simu, ile inayofanya kioo kiwe cha manjano, na weka mwanga wa kioo katikati. Ukisahau hilo utakuja kumsifia Vermeer kwa joto la rangi lililotoka kwenye simu yako.

Sasa vipimo. Kwenye simu kila picha ina ukubwa wa kiganja, na hapo ndipo hukumu nyingi huharibika. Tafuta vipimo halisi kisha ubandike tepu ukutani kwa ukubwa huo. Picha ya Vermeer ya mtumishi anayemimina maziwa ina sentimita 45.5 kwa 41. "Doria ya Usiku" ina karibu 363 kwa 437, na hiyo ni baada ya kukatwa kingo mwaka 1715. Saa zinazoyeyuka za Salvador Dalí, ambazo watu huzidhania kuwa zimejaza ukuta, ziko kwenye turubai ya takriban 24 kwa 33.

Ukishabandika tepu, simama mbele yake. Mark Rothko, aliyechora mistatili mipana ya rangi tupu, alipendekeza picha zake kubwa zitazamwe kwa umbali wa kama sentimita 45. Ukisimama hapo, kingo zinakutoka machoni na unabaki ndani ya rangi. Kwenye simu unaona mistatili miwili yenye ukungu. Wasemao "hata mtoto anaweza kuchora hivi" mara nyingi wamemhukumu Rothko wa kwenye simu, na kwa huyo wana haki.

Robo saa bila kusoma chochote

Chukua picha unayoipenda zaidi. Usisome jina lake, mwaka, wala maelezo. Weka saa ya kuhesabu dakika 15 na uzigawe hivi.

Dakika 2 za kwanza usiandike. Fuatilia tu jicho lako linatua wapi, kisha linakwenda wapi. Zikiisha, chora mstatili kwenye karatasi na uweke namba 1 hadi 5 kwa mfuatano wa mahali jicho lilipopita.

Dakika 8 zinazofuata andika vilivyomo, kwa majina ya vitu na mahali pake tu: mkono wa kushoto, ukingo wa meza, kivuli chini ya bakuli, msumari ukutani. Maneno kama huzuni, utulivu na uzuri hayaruhusiwi bado. Utachoka kwenye dakika ya tano hivi, uone huna cha kuongeza. Endelea, kwa sababu vitu vya maana huanza kujitokeza hapo.

Dakika 5 za mwisho andika hisia, lakini kila hisia iwe na anwani. "Utulivu: ukuta mtupu upande wa kulia." Hisia isiyo na mahali ifute.

Tazama linalotokea ukifanya hivi kwa mtumishi wa Vermeer. Kwanza unaona maziwa, mkate, aproni ya buluu. Baadaye sana unaona ukuta ulio nyuma yake: matundu ya misumari, msumari mmoja bado upo na una kivuli chake. Uchunguzi wa picha hiyo umeonyesha kwamba Vermeer alianza kuchora kishikio cha kutundikia magudulia nyuma ya kichwa cha mwanamke, kisha akakifunika kwa rangi ya ukuta. Aliondoa kitu kikubwa, akabakiza misumari. Mtu anayempenda Vermeer kwa "ukimya" sasa ana mahali pa kuweka kidole: ukuta mtupu ambao una vijitundu vya kutosha tu usionekane umesahauliwa.

Majaribio ya kuondoa

Hii ndiyo sehemu yenye nyama. Ukisema unampenda mchoraji kwa sababu ya jambo fulani, liondoe jambo hilo uone kinachobaki.

Anza na rangi. Fungua picha kwenye simu na upunguze ukolezi wa rangi (saturation) hadi sifuri, ibaki nyeusi, nyeupe na kijivu. Caravaggio hapotezi mengi. Kwenye "Wito wa Mtakatifu Mathayo", aliyoichora 1599 hadi 1600, mwanga unaingia kutoka kulia na kuukata ukuta wa giza, na bila rangi bado unaukata. Basi aliyedhani anampenda kwa wekundu wa nguo inabidi afikirie upya. Kisha fanya hivyo kwa Monet, picha yake ya 1872 ya jua likichomoza bandarini Le Havre. Jua linatoweka! Weupe wake unakaribia kulingana kabisa na wa anga inayolizunguka; linaonekana kwa rangi yake ya chungwa tu. Sehemu ya ubongo inayopima mwanga na giza hailioni vizuri, sehemu inayosoma rangi inaliona, na ndiyo maana jua lile huonekana kama linapwita. Ikiwa picha hiyo imekuvuta kwa miaka bila kujua sababu, huenda umeipata.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia vichujio vya "nyeusi na nyeupe" vya programu za kupendezesha picha. Hivyo huongeza giza na mwanga vyenyewe, na matokeo yanakudanganya. Shusha ukolezi tu, usiguse kingine.

Pili, kingo. Kata kadi mbili zenye umbo la herufi L, ziweke juu ya picha ziunde dirisha, kisha sogeza upande mmoja kwa mara moja, sentimita kwa sentimita. Picha itafika mahali ife. Andika ni upande gani na umekata nini. Jaribu pia kufunika kitu kimoja kwa ncha ya kidole. Kwenye "Wimbi Kubwa" la Hokusai, la takriban 1831, funika Mlima Fuji ulio mdogo katikati chini. Wimbi linapungua kimo palepale, kwa kuwa mlima ndio uliokuwa rula yake. (Kazi ile ni chapa ya mbao, haikuchorwa kwa brashi, lakini jaribio halibagui.)

Tatu, hadithi. Geuza picha kichwa chini. Nyuso zinaacha kusimulia, na kinachobaki ni uzito: wapi pamejaa, wapi pamepumua. Picha ikiendelea kukuvuta hivyo, mpangilio ndio uliokushika. Ikifa, unapenda tukio, na hilo nalo ni jibu halali. Artemisia Gentileschi alipomchora Judith akimkata kichwa Holoferne, tukio lenyewe lilikuwa nusu ya kazi. Hata hivyo igeuze ile iliyoko jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, uone jinsi mikono yote inavyokimbilia sehemu moja, kama vijiti vya gurudumu.

Mwisho ni mkono wa mchoraji. Kuza picha hadi sehemu ya ukubwa wa kiganja ijaze kioo chote. Kwenye "Las Meninas" ya Velázquez ya 1656, gauni la binti mfalme likikuzwa linakuwa mikwaruzo ya haraka isiyofanana na kitambaa hata kidogo. Ukirudi nyuma linakuwa hariri. Kwa Rembrandt wa uzeeni, rangi nyeupe ya risasi imerundikwa kwenye paji la uso na mikono ya nguo, huku vivuli vikiwa vyembamba. Van Gogh alifuatisha brashi na umbo la kitu, kama jembe linavyofuata tuta. Vermeer alidondosha nukta ndogo za mwanga kwenye mkate. Ukigundua kwamba vipande hivi vilivyokuzwa vinakupa raha kuliko picha nzima, wewe ni mpenzi wa brashi, na wachoraji wanaopaka laini kama kioo hawatakuridhisha hata wakisifiwa vipi.

Nakili, kwa ubaya

Nakala ya mkono hufundisha kuliko maelezo yoyote, mradi usijaribu kuifanya ipendeze. Gawanya vipimo vya picha kwa namba moja ili uwiano ubaki. Ya Vermeer ukigawanya kwa 5 unapata mstatili wa sentimita 9.1 kwa 8.2. Fumba macho nusu ili vitu vidogo vipotee. Jaza mstatili kwa toni 3 pekee: weupe wa karatasi, kijivu cha kati, na giza. Dakika 5, basi. Usichore macho wala pua. Anayeanza na macho hujikuta dakika 40 baadaye ana uso mzuri na hana picha.

Ukimaliza, linganisha, na upekue makosa yako. Mahali mkono wako "uliporekebisha" ndipo mchoraji alipofanya jambo la makusudi. Mfano mzuri ni Cézanne na picha zake za matofaa mezani. Katika kadhaa kati ya hizo, ukingo wa meza unaoingia chini ya kitambaa upande wa kushoto haulingani na unaotokea upande wa kulia. Jicho hulipita hilo bila kushtuka, ila mkono wako utaunyoosha ukingo bila kukuuliza. Nyoosha, kisha tazama nakala yako ilivyopooza.

Kwa rangi, gawanya picha kwa miraba 12, mitatu kwenda chini na minne kwenda kando, na uandike rangi moja inayotawala kila mraba. Uwe mkali na majina: "kahawia" haitoshi, ni kahawia ya udongo, ya kahawa au ya kutu? Kwa Rembrandt utakuta rangi za udongo karibu kila mahali na nyekundu au dhahabu mraba mmoja au miwili. Kwa "Alizeti" alizozichora Van Gogh huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888 kuna ile yenye njano juu ya njano, hadi ukuta na meza.

Hapo pana mtego. Rangi uionayo leo si lazima iwe ile aliyoiweka mchoraji. Kwenye picha ya Van Gogh ya chumba chake cha kulala cha Arles, kuta ni buluu sasa, ilhali kwenye barua aliziita za zambarau hafifu. Wekundu uliochanganywa humo umefifia kwa mwanga. Baadhi ya njano zake za kromu nazo zimeelekea kahawia. Ukipenda utulivu wa kuta zile za buluu, unapenda kazi iliyofanywa na Van Gogh pamoja na miaka mia na ushei ya mwanga. Hakuna aibu, andika tu hivyo.

Maisha yake yasome mwisho

Historia ya mchoraji humeza picha. Aliyesikia habari ya sikio la Van Gogh huona wazimu kwenye anga la "Usiku wa Nyota" la Juni 1889. Angalia michoro yake ya kalamu ya tete ya mwaka uliotangulia: mashamba tulivu, mchana kweupe, na mistari iliyopangwa kwa nidhamu ileile. Mkono ule ulikuwa umeshafanya mazoezi.

Kanuni ni rahisi kuitumia. Habari inayobadilisha unachokiona, ibakize. Inayokuongezea huruma au mshangao tu, iache pembeni wakati wa kutafuta sababu. Kwamba Monet alikuwa na mtoto wa jicho na akafanyiwa upasuaji mwaka 1923 inabaki, maana inagusa wekundu na ukahawia wa picha zake za miaka hiyo. Kwamba Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, nayo inabaki: inaeleza ung'avu wa uso wa picha, na kwa nini mnyama hukaa juu ya usuli wa rangi tambarare bila kuyeyukiana nao. Ajali ya basi iliyompata Kahlo mwaka 1925 iko katikati; kwenye baadhi ya picha zake huwezi kuelewa kilichochorwa bila kuijua, kwenye nyingine inaingilia tu.

Jina nalo lina sumu yake. Changanya picha 10, tano za mchoraji wako na tano za aliyeishi naye zama moja, mtu mwingine azifunike saini na kuzipanga ovyo. Kwa Vermeer, mchanganye na Pieter de Hooch, aliyechora vyumba na nyua za Delft, mji wa Vermeer mwenyewe. Ukishindwa kuwatofautisha, unapenda vyumba vya Delft, na Vermeer ni mmoja wa wenyeji. Usijilaumu sana: mwaka 1937 Abraham Bredius, mtaalamu mkubwa wa wakati wake, aliipokea kwa furaha kama ya Vermeer picha iliyochorwa na mghushi Han van Meegeren. Alikuwa akilitafuta jina.

Andika sentensi

Iwe na vitu vitatu: mchoraji anafanya nini, anakifanya wapi kwenye picha, na kinakufanya nini wewe. "Rembrandt ni bingwa wa mwanga" haina hata kimoja. Jaribu hii: "Rembrandt wa uzeeni hurundika rangi pale tu mwanga unapogonga ngozi na huacha vivuli vyembamba, kwa hiyo uso unanisogelea huku chumba kikirudi nyuma." Weka jina la Vermeer mahali pa Rembrandt. Ni uongo. Weka la Monet. Uongo pia. Imepita.

Sentensi ikikubali majina mawili, usiifute haraka. Ukiandika kuhusu kuta tupu na mwanga wa dirishani, itamchukua Vermeer na pia Vilhelm Hammershøi, aliyechora vyumba vya nyumba yake Copenhagen zaidi ya miaka 200 baadaye. Umepata mchoraji wa pili wa kumtazama bila kutegemea orodha ya mtu. Kisha ongeza neno litakalowatenganisha: watu wa Hammershøi mara nyingi wamekupa mgongo, wa Vermeer wako katikati ya kazi ndogo ya mikono au barua.

Sasa itoe ile picha ya tatu, usiyoipenda. Isome kwa sentensi yako. Ikiwa uliandika kuhusu rangi nene ya Rembrandt, na picha inayokuacha baridi ni mojawapo ya zile za watu matajiri wa Amsterdam alizozichora miaka ya 1630 mwanzoni, laini na zilizokamilishwa kila uzi wa kola, basi sentensi imeshika: inaeleza unachokipenda na usichokipenda kwa pigo moja. Ikiwa picha ya tatu nayo ina yote uliyoyaandika na bado haikuvuti, sababu yako halisi bado imejificha. Rudi kwenye majaribio ya kuondoa, na safari hii anza na kingo, rangi ziwe za mwisho.